Miaka Niliyoshika Goti

Aliyeniomba niandike haya ni Glory, msimamizi wenu. Ninyi mnamwita Madamu. Mimi namwita Glory, na akiniudhi namwita wewe. Alikuja kwangu Mkonze Jumapili moja baada ya ibada, akakaa juu ya ndoo kwa sababu kiti kilijaa nguo za kukunja, akaniambia wanafunzi wapya wanakuja fildi kwenye chumba cha fizio pale hospitalini, wanakonyooshwa watu viungo, na angependa kabla hawajamgusa mgonjwa wasome maneno ya mtu aliyefanya kazi mle ndani bila kupitia chuo. Nikamwambia atafute mstaafu mwenye mvi. Akasema wenye mvi wanasahau, wewe husahau kitu wala husamehi. Nikamwambia hapo umesema kweli, nitaandika.

Basi mimi ni mstaafu wa aina yangu. Thelathini sijafikisha, mtoto ninaye mmoja, kazini nimetoka, na hakuna aliyenifanyia sherehe ya kuniaga. Mkitaka zile kumbukumbu ambazo kila bosi alikuwa baba na kila siku ilikuwa baraka, hamtazipata hapa. Mimi kwenye kile chumba niliumwa na wivu tangu siku ya kwanza, na hata sasa ninavyoandika unaniwasha. Nitauandika kama ulivyo, kwa sababu umeshikana na kazi kiasi kwamba siwezi kuutoa nikawaachia kazi peke yake.

Niliingia pale baada ya kidato cha nne, na matokeo ambayo mama yangu aliyasoma akayakunja. Chuo sikwenda. Nikaajiriwa mhudumu: kupiga deki, kufua mashuka, kuchemsha taulo za kukanda viungo, kusukuma kiti cha magurudumu kutoka wodini. Na kushika goti. Hili mtalielewa mkifika. Karibu kila kazi ya fizio ina mtu wa kufanya na mtu wa kushikilia. Mguu mmoja unanyooshwa, wa pili lazima mtu aubane usije ukasaidia. Mtoto anafungwa hogo, ile plasta nyeupe inayokauka ikawa ngumu kama ukuta, lazima mtu ashike goti lisiteleze. Huyo mtu nilikuwa mimi. Mwanafunzi upande wa kujifunza, mimi upande wa kushikilia, mgonjwa katikati yetu.

Mwenye chumba alikuwa Mzee Ndahani. Mtu mfupi, viganja vipana, kila asubuhi akikata kucha juu ya gazeti mbele yetu sote, na asiyekata za kwake hagusi mgonjwa siku hiyo. Mdomo wake haukufundisha kitu. Alichukua mkono wa mwanafunzi akauweka kwenye bega au nyonga ya mgonjwa, kisha akaweka wa kwake juu yake, akanyamaza.

"Umesikia?" anauliza.

Mwanafunzi anasema nimesikia.

"Hujasikia. Tulia."

Wakati mwingine waliendelea hivyo mpaka mgonjwa anapitiwa na usingizi. Mwanafunzi aliyekuja na mikono kama mbao aliondoka mikono yake inajua kitu. Niliona hilo likitokea kwa mmoja baada ya mwingine, nimeshika goti. Juu ya mkono wangu hakuna aliyeweka mkono.

Alikuwa na desturi nyingine, ambayo nasikia Glory ameiendeleza, kwa hiyo jiandaeni. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi anafungwa hogo mguu mzima, anapewa magongo, anaambiwa aende nayo hosteli akalale nayo. Wanarudi kesho yake macho mekundu. Mmoja alishindwa kuchuchumaa chooni akalia kama mtoto. Mwingine muwasho ulimwingia ndani ya hogo akajikuna kwa waya wa mwavuli mpaka ukakatikia humo. Mzee anawakata hogo, anawaambia sasa mna ruhusa ya kumwambia mgonjwa avumilie. Walilalamika sana. Mimi nilikuwa na wivu hata na hogo zao. Siku moja nikamwambia Mzee, nifunge na mimi nione. Akacheka kwa moyo mweupe kabisa, akauliza nani atapiga deki. Hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye ubaya unaweza kumchukia ukamaliza.

Ndipo akaja Glory. Mrefu, mwembamba, anakaa hosteli za mtaa wa Kikuyu, anacheka meno yote nje. Mikono yake ilikuwa ya moto. Ninyi wageni hamjaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita. Ukimwekea mama mzee kiganja cha baridi mgongoni asubuhi ile, misuli yote inajifunga na kazi yako imekufa kabla hujaanza. Wenzake nilikuwa nawapa maji ya moto waloweke mikono kwanza. Glory hakuhitaji. Wagonjwa walimwegemea. Wiki ile ile nilimchukia.

Nilisubiri akosee, na akakosea. Kulikuwa na mzee mkulima kutoka upande wa Mtera, goti limekakamaa baada ya kuanguka. Glory akampa zoezi: asubuhi na jioni apande na kushuka ngazi. Mzee wa watu akaitikia, akaenda zake. Siku zilipita bila kumwona. Aliporudi, alitusalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akakaa, akasema, "Binti, ngazi imekamilika. Sasa uniambie inaelekea wapi."

Nyumba yake ni ya chini, kama nyumba zote za kwao, na kijiji kizima hakina ngazi hata moja. Kwa hiyo alifyatua tofali za udongo akajenga ngazi katikati ya uwanja wake, imesimama peke yake, inakwenda juu na kuishia hewani. Majirani walisema anajenga ghorofa. Wengine wakasema ni mimbari, mzee ameota anataka kuanzisha kanisa. Yeye kila asubuhi anapanda, anafika juu, anaangalia mbuzi wa watu, anashuka.

Nikajua leo Glory amepatikana. Mzee Ndahani alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafuta macho, kisha akalishika lile goti. Lilikuwa limekunjuka. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliyeingia alisimuliwa ngazi ya Mtera, na mwisho wake ulikuwa mmoja: kabla hujampa mtu zoezi, muulize nyumba yake ikoje, analala juu ya nini, maji anachota wapi. Kosa la Glory likawa somo zuri la kusimulia.

La kwangu mnataka kulijua? Siku moja foleni ilikuwa ndefu, nikampa baba mmoja fimbo ya kutembelea upande wa mguu wake mbovu. Mtu yeyote wa mtaani angefanya hivyo. Mzee alinigombeza mbele ya foleni nzima: fimbo inashikwa na mkono wa upande wa mguu mzima, ili ule mbovu ukikanyaga fimbo iwe imekanyaga nayo, mzigo ugawanyike. Wewe mhudumu nani kakutuma kugawa fimbo? Hakuna aliyecheka. Limebaki hivyo, ninyi ndio wa kwanza kusimuliwa.

Nikapata mimba, nikajifungua Eliya. Mkunga aliponiletea, kabla sijaangalia uso niliangalia miguu, mazoea ya kazi. Wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto unyayo ulikuwa umegeukia ndani, umeangalia juu kama kiganja kinachoomba. Mguu kifundo. Nilishika magoti ya watoto wa aina hiyo kila Jumatano ya kliniki, nilikuwa najua kila kitu: kwamba unafungwa hogo wiki baada ya wiki, kila hogo ikiusogeza kidogo, kwamba ukifungwa vizuri mtoto atakanyaga kama wenzake, na ukifungwa vibaya atatembelea ubavu wa mguu maisha yake yote. Mama mkwe alisema niache, babu yake alizaliwa hivyo na ng'ombe alichunga. Nikamwambia shikamoo mama, Jumatano naenda kliniki.

Kliniki nilifika nikiwa nimeshajipangia. Nikamwambia Mzee Ndahani, leo mguu nashika mimi. Akasema hapana. Nikasema basi nipe goti. Akasema na goti hapana.

"Leo wewe ni mama. Nenda kichwani ukamnyonyeshe."

Ndiyo sheria ya chumba kile: mama hakai upande wa mguu. Mama anakaa kichwani, anatoa ziwa, mtoto akinyonya mguu unalegea. Nilikuwa nawaambia kina mama wenyewe kwa mdomo wangu, tena kwa ukali. Goti akashika mhudumu mwenzangu, Mwanaidi. Unyayo wa mwanangu akashika Glory, aliyekuwa amerudi kwa fildi yake ya mwisho.

Nilikaa kichwani nimetoa ziwa naangalia. Kidole gumba cha Glory kikaenda kwenye kile kifupa cha nje juu ya unyayo, vidole vingine vikausukuma mguu kuelekea nje taratibu, kisigino hakukigusa, maana kisigino ukikishika unakizuia kisigeuke. Mzee akaweka mkono wake juu ya wa Glory. Akamuuliza umesikia. Glory akasema nimesikia, Mzee. Na Mzee, ambaye sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote maneno haya, akasema, "Umesikia kweli."

Eliya alilala ziwa likiwa mdomoni. Mwanangu alimlegezea Glory mguu. Nilimwangalia nikataka kumfinya aamke.

Ikawa hivyo kila Jumatano. Hogo ya zamani inaloweshwa, inatolewa, na mguu unatoka humo umenyooka kidogo kuliko wiki iliyopita. Nilifurahi, halafu nilikasirika, kwa sababu furaha yenyewe ilipitia kwa yule. Nilihesabu kwamba fildi yake itaisha na ataondoka, nami nitarudi kazini nikute chumba hakina meno yake.

Fildi ikaisha kweli, akarudi chuoni kwenye mitihani. Jumatano iliyofuata nikampeleka Eliya kama kawaida. Mwanaidi akalowesha, akatoa hogo, mguu ukabaki wazi. Mzee Ndahani akaushika. Akaushika tena. Akauachia, akakaa kwenye kigoda.

"Mama Eliya," akasema, "kidole gumba hiki hakisikii tena. Kimekufa ganzi muda sasa. Kuzungusha plasta naweza. Kusikia nilikuwa nasikia kwa mkono wa yule binti."

Nikamuuliza mwanafunzi mwingine anakuja lini. Akasema wiki inayokuja, au ya pili yake. Wote watatu mle ndani tulijua mguu wa mtoto ukiachwa wazi wiki moja unaanza kurudi ulikotoka. Kazi yote ile ya Jumatano zote.

Hapo nikapasuka.

"Mzee, shikamoo yako nimekupa asubuhi, sasa nisikilize. Umefundisha watu wangapi humu? Wako wapi? Kila uliyemwekea mkono ameondoka. Mimi niko hapa. Mimi na Mwanaidi tumekushikia magoti miaka yote, tunakuja mvua jua. Ungetufundisha sisi, leo mwanangu angekuwa na mkono wa kumshika."

"Hamkuniomba," akasema.

"Nilikuomba hogo ukacheka. Na wao waliomba lini? Waliletwa na barua."

Akakiangalia kile kidole gumba chake. Mwanaidi alikuwa ameinamisha kichwa, lakini goti la Eliya hakuliachia. Mzee akainuka, akasema kwa sauti ndogo, "Njoo upande huu."

Nikazunguka kitanda. Akachukua kidole gumba changu akakiweka kwenye kifupa, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Kilikuwa kizito na kikavu. Nilikitamani kiganja kile tangu sijazaa, na siku nimekipata sikupata nafasi ya kukifurahia, kwa sababu Eliya alifungua macho akaniona niko upande usio wangu. Akalia. Siyo kile kilio cha njaa. Alilia akiniangalia. Mzee akaanza kuzungusha plasta, akauliza umesikia. Nikasema nimesikia, na sikusikia kitu ila mtoto wangu. Kidole kililegea chenyewe. Mimi sikukiambia kilegee.

Mzee aliona. Hakugomba. Akamwambia Mwanaidi aikate ile hogo.

"Ndiyo maana mama hukaa kichwani," akaniambia. "Siyo kwamba hajui."

Nilimwekea Eliya ziwa. Simu ya Glory ilikuwa imezimwa, bila shaka yuko chumba cha mtihani. Mwanaidi alinifanyia jambo ambalo sitalisahau: alivua aproni, akapanda bodaboda mpaka chuoni kwao, akasimama mlangoni pa ukumbi wa mitihani na sare yake ya uhudumu, akakataa kufukuzwa na mlinzi mpaka walipotoka. Walirudi wawili nyuma ya bodaboda moja. Glory alikuwa na wino vidoleni na mtihani mwingine mchana ule ule. Alinawa, akavuta kigoda, akaweka kidole mahali pake bila kutafuta.

Mzee akazungusha. "Umesikia?"

"Nimesikia. Umerudi kidogo, lakini unakubali."

Unakubali. Mguu wa mwanangu unamkubali yeye. Hogo ilipokauka nilimwambia asante, na neno lilitoka kwa shida kama jino. Akasema, "Dada, huu mguu nilikuwa nauwaza hata kwenye karatasi ya asubuhi." Alifikiri ananifariji. Nilimwangalia akikimbilia bodaboda nikaona kumbe hata kwenye mtihani amekaa na mwanangu.

Hogo za Eliya zilikwisha, na likizo yangu ya uzazi ilipoisha nikarudi kazini. Jumatano ya kwanza aliletwa mtoto wa mama mwingine, si wangu. Mwanafunzi mpya akasogea upande wa mguu, Mzee Ndahani akamwambia aende kwenye goti. Akatuita mimi na Mwanaidi, kwa zamu. Alikuwa anafundisha kwa namna mpya sasa, maana kidole chake kilikuwa kimekufa: anauliza umesikia, na ukisema ndiyo anataka umweleze nini, kiko wapi, kinasukuma kuelekea wapi, kama mtu asiyeona anayesimuliwa njia. Hakuna mwalimu aliyewahi kunibana hivyo. Mtoto wa mwenzio akilia unasikitika, lakini kidole hakilegei. Nilijifunza. Mwanaidi alijifunza kunizidi, na ndiyo, hilo nalo liliniuma.

Halafu Mzee akastaafu akaenda kulima. Mkataba wangu ukaisha, mwingine haukuja, na Eliya alikuwa kwenye hatua ya viatu vilivyounganishwa na chuma katikati, vya kuvaa usiku, ambavyo bila mtu wa kuvisimamia mtoto anavivua na mguu unarudi. Nikakaa nyumbani. Glory akamaliza chuo, akaajiriwa, akapewa kile chumba. Yule niliyesubiri aondoke ndiye aliyebaki, mimi niliyejiita mwenye kubaki ndiye niliyetoka. Cheka ukitaka. Mimi bado sijacheka.

Sasa wadogo zangu. Mtakapofika kateni kucha. Vueni pete. Pasheni mikono moto. Msimpe mtu ngazi kama kwao hakuna. Hogo mtakayofungwa laleni nayo bila kelele. Na mtakapokuwa mmekaa upande wa mguu, mkono wa Glory umekaa juu ya wenu, inueni macho mwangalie nani ameshika goti. Huyo ni Mwanaidi au mwingine kama yeye. Mwambieni mbadilishane upande, angalau kwa mgonjwa mmoja kila kliniki, na Glory akikataa mwambieni nimewatuma mimi. Siombi huruma. Ninyi mtaondoka na vyeti vyenu. Siku mtoto wa mtu atakapoletwa na chumba hakina mwanafunzi, mkono utakaokuwepo ni ule wa kwenye goti, na mama yake atakuwa amekaa kichwani anaomba Mungu mkono huo uwe umefundishwa.

Jumatano iliyopita nilimpeleka Eliya kupimwa viatu vikubwa zaidi. Kutoka getini hadi chumba cha fizio kuna uwanja wa changarawe. Akamwona Glory amesimama mlangoni, akauachia mkono wangu, akakimbia. Mimi nikirudi sokoni hanikimbilii hivyo. Nilibaki nimesimama na viatu vyake vya usiku mkononi, hasira imenijaa kifuani, namwangalia unyayo wa kushoto kila unaposhuka chini. Unakanyaga wote.